Kiti cha Kushoto

Sharti lilikuwa moja tu, nalo waliliweka mwishoni kabisa mwa barua, mahali ambapo watu wenye adabu huweka salamu. Timu ilikuwa tayari kumjaribu Vumbi, na akifaulu angepewa mkataba wa miaka miwili: mshahara wa kila mwezi, bima, nyumba huko kwao, gari jipya la mashindano na mafundi wanane wa kulihudumia. Ila msomaji wa njia angetoka kwao. "Timu ina wasomaji wake," barua ilisema, "na haiajiri wengine."

Vumbi aliisoma kwa sauti katikati ya gereji, mikono imejaa grisi, karatasi ameishika kwa ncha za vidole viwili. Kisha akampelekea mkewe aisome mwenyewe. Mkewe alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha lori, sindano kubwa ameibana kwa meno, akivuta ngozi mpya ifunike sponji. Ndivyo walivyogawana kazi katika gereji ile: mume alishughulika na injini, mke alishona viti. Lakini mjini hakuna aliyemwita fundi wa viti. Walimwita Msomaji, kwa sababu siku za mashindano yeye ndiye aliyekaa kiti cha kushoto, daftari mapajani, akimsomea mumewe kona moja baada ya nyingine kabla macho hayajaziona. Kwa miaka kumi na moja Vumbi hakuwahi kushindana bila sauti ile masikioni mwake.

Msomaji alifika mwisho wa barua. Akatoa sindano mdomoni.

"Ni barua nzuri," alisema.

"Umesoma mpaka chini?"

"Nimesoma."

"Basi si nzuri."

"Na mkewe wamweke wapi, kwenye buti?" aliuliza mama mkwe, mama yake Vumbi, kutoka mlangoni, maana masikio yake yalikuwa bado mazima kuliko magoti yake.

Hakuna aliyecheka. Vumbi alikuwa na miaka thelathini na minne, na katika kazi ile umri huo ni jioni. Alianza kwa kuosha magari ya mashindano ya watu, akapandishwa cheo cha kuyasogeza kutoka hemani hadi kwenye mstari, akaazimwa gari ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya, na kwa gari hilo akawapita wenye magari yao. Ubingwa alishautwaa mara mbili. Ulimpa vikombe viwili, ambavyo mama yake aliviweka jikoni, kimoja cha vijiko na kingine cha vitunguu. Kitu ambacho ubingwa haukuwahi kumpa ni kuitwa dereva wa kulipwa, mtu anayeamka asubuhi, anaendesha, na mwisho wa mwezi anakula jasho lake. Viti vya namna hiyo vilichukuliwa na vijana wa miaka kumi na tisa ambao baba zao waliwanunulia magari kama wengine wanavyowanunulia watoto viatu. Sasa kiti kimoja kilikuwa kimebaki wazi, na barua ilikuwa mkononi.

"Nisikilize, Mama Nati," Vumbi alisema. Nati lilikuwa jina la utani la binti yao wa miaka saba, na hakuna aliyekumbuka lilianzaje. "Niliongea nao kwenye simu jana. Nimewaomba niendeshe mara mbili njia ile ile, mara moja na wewe, mara moja na mtu wao. Wamekubali. Na wewe nitakwenda roho mkononi. Na mtu wao nitaachia mguu kidogo. Sekunde tano, sita, si nyingi. Watajionea wenyewe kwamba Vumbi bila Msomaji ni nusu Vumbi. Watatuchukua wote wawili."

"Huo ni udanganyifu."

"Ni biashara."

"Wana mashine za kurekodi kila kitu, Baba Nati. Ukikohoa wanajua."

"Mashine inarekodi gari. Nia hairekodi."

Msomaji alirudi kwenye kiti cha lori. Alijua jambo la kusema, nalo ni hapana. Lakini alikipenda kiti cha kushoto kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mtu. Huko hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu wala mkwe wa mtu. Alikuwa macho ya mbele. Neno lake lilipotoka, tani nzima ya chuma iligeuka. Akashona pindo lote bila kuinua kichwa, na alipolimaliza alisema, "Sekunde tano. Usizidishe, watashtuka." Aliona aibu jinsi ilivyomchukua muda mfupi kukubali.

&nbsp;

Siku ya majaribio barabara ya mlimani ilifungwa tangu asubuhi. Ilikuwa ya changarawe, kilomita kumi na nne, msitu upande mmoja na bonde upande mwingine, na vyote viwili vilibadilishana kila ilipopinda. Timu ilikuwa imesimamisha mahema mawili meupe kwenye uwanja wa chini. Mlinzi alimpisha Vumbi kwa heshima, akamsimamisha Msomaji.

"Wanaopika wapite nyuma, dada."

"Mimi ni msomaji wake."

Mlinzi alitazama orodha. Kwenye orodha jina la msomaji lilikuwa la mtu mwingine. Ilibidi Vumbi arudi kumchukua mkewe mkono, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Meneja wa timu alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti, na upole wake ndio uliouma zaidi. Alimkaribisha Msomaji kiti, akampa maji, akamtambulisha kwa msomaji wa timu, mtu mzima mwenye kipara kinachong'aa na miwani iliyofungwa kamba nyuma ya kichwa. Wenzake walimwita Kipara mbele yake na hakuonekana kujali. Kazi ya kwanza ilikuwa Msomaji amfasirie daftari lake, ili Kipara aandike lake.

Kipara alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akavua miwani.

"Namba ziko wapi?"

Wasomaji wengine huzipa kona namba kwa kadiri zinavyobana. Vumbi na mkewe walianza bila mwalimu, wakazipa majina ya nyumbani, na majina yakakaa.

"Hatutumii namba," Msomaji alisema. "Hii ni mkwe. Unaipita taratibu, kwa heshima, umeinamisha kichwa. Hii ni harusi, pana, ingia tu, kila mtu anakaribishwa. Hii ndefu ni shangazi."

"Shangazi ikoje?"

"Inakupokea kwa tabasamu. Ukishaingia ndani, inakubana."

Kipara alicheka mpaka akafuta macho. "Niiandike ngapi?"

"Inategemea shangazi."

Walikaa saa nzima, na ilikuwa saa nzuri, kwa sababu Kipara alikuwa mtu wa kazi na alijua kwamba alikuwa na mtu wa kazi mbele yake. Mara mbili alimwuliza aliwezaje kuona kitu fulani kwenye barabara ambacho yeye hakukiona. Lakini kila jina lililogeuka namba, Msomaji alihisi anaitoa nyumba yake nje, chombo kimoja kimoja, na kukipanga barazani kwa mgeni.

Kisha meneja akaja, mikono ameikunja nyuma.

"Tunaambiwa wewe ndiye uliyeshona kiti cha kushoto cha gari lenu."

"Ndiyo."

"Ni kazi safi sana. Tatizo ni kwamba kinamkaba mwenzetu kiunoni. Sasa, mafundi wangu wanaweza kukikata, lakini wataharibu. Nimeona nikuombe wewe."

Akamwomba kwa tafadhali mbili. Msomaji alichukua wembe na mkasi kwenye kisanduku cha Vumbi, akaingia garini. Ubavuni mwa kile kiti alikuwa ameshona mito miwili ya sponji kwa kipimo cha mwili wake, na baada ya kumzaa Nati alikuwa ameifumua na kuishona upya, maana kipimo kilibadilika. Sasa aliikata, akaitoa, akafunga pindo kwa mishono mipana ya haraka, kazi ambayo mteja angeileta gereji kulalamika. Kipara aliketi kujaribu. "Hapo sawa," alisema, kisha akashuka haraka, kana kwamba amekaa kwenye kitanda cha watu.

&nbsp;

Zamu ya kwanza ilikuwa yao. Kiti kilimpwaya Msomaji, ikabidi akaze mkanda hadi ukamuuma mabegani. Vumbi alimtazama kupitia uwazi wa helmeti, akamkonyeza.

"Roho mkononi," alisema kwenye maikrofoni.

"Endesha, tusikawie. Mkwe kushoto, mita themanini, harusi kulia."

Gari likaondoka. Alimsomea vizuri, na alijua kwamba anamsomea vizuri. Sauti yake haikupanda wala kushuka, kurasa ziligeuka zenyewe, mawe yakagonga chini ya miguu yao na msitu ukapita kama kitambaa kinachovutwa. Kwenye ile shangazi ndefu ya kilomita ya tisa, bonde lilikuja upande wake, wazi, na Vumbi akalipitisha gari salama kama alivyolipitisha siku zote. Walipovuka mstari wa mwisho saa ilisoma dakika tisa na sekunde nne.

"Hiyo ndiyo yetu," Vumbi alisema akihema. "Hakuna zaidi ya hapo. Nimeikamua mpaka tone la mwisho."

Msomaji alimwamini. Leo hii bado anaamini kwamba hakumdanganya.

Zamu ya pili walimwacha yeye pale pale kwenye mstari wa mwisho, pamoja na fundi mmoja na mashine ya kupima muda, na wakampa saa ya kubonyeza mkononi ili naye ahakikishe. Alisimama juu ya jiwe. Alipojulishwa kwa redio kwamba gari limeondoka, akabonyeza. Bonde lilileta mlio wa injini vipande vipande. Kwa miaka kumi na moja alikuwa hajawahi kuusikia kutoka nje, na ulimtisha. Mlio ulikuwa mrefu mno. Ulipaswa kukatika mahali, na haukukatika.

Gari likatokeza, likavuka. Msomaji akabonyeza, akatazama, kisha akamtazama fundi akitumaini amekosea yeye.

"Nane hamsini na moja," fundi alisema, akapiga mluzi.

Sekunde kumi na tatu. Na alikuwa ameachia mguu.

Vumbi alishuka huku anatabasamu, akamjia mkewe mbio, na kwa sauti ya chini akauliza, "Nimepoteza ngapi? Nimezidisha?"

Msomaji alimwonyesha saa. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kuondoka, kisha likaisha.

"Haiwezekani. Haki ya Mungu nilipunguza, Mama Nati. Nilijiona kama natembea."

"Najua."

"Nilipunguza."

"Najua ulipunguza."

&nbsp;

Meneja alimpa Vumbi mkono hemani, akamketisha, akaanza kumweleza habari za nyumba na bima. Msomaji alibaki nje kwenye meza ya kukunja. Kipara alimfuata na karatasi mbili zilizotoka kwenye mashine, rangi yake usoni haijarudi vizuri.

"Nataka ujue kitu," alisema. "Mimi sikusoma vizuri kuliko wewe. Kilomita ya tano nilichelewa kabisa. Usomaji wako ni bora kuliko wangu, na nitamwambia meneja hivyo, ingawa haitasaidia. Si msomaji aliyebadilika. Ni dereva. Yule niliyekwenda naye mimi simjui, na kusema kweli nilidhani nakufa mara mbili."

Akaweka karatasi moja juu ya nyingine, akaziinua zipate mwanga. Mistari miwili, wa buluu na mwekundu, ilipanda na kushuka. Kila mahali mstari uliposhuka, mguu wa Vumbi ulikuwa umekanyaga breki. Buluu ilikuwa zamu ya Msomaji. Nyekundu ilikuwa ya Kipara.

"Unaona? Akiwa nawe amekanyaga mapema hapa. Na hapa. Hapa kwa mita thelathini nzima. Lakini hapa mistari imelingana. Na hapa pia. Sielewi kwa nini kona nyingine ziwe sawa na nyingine zitofautiane."

Msomaji hakuhitaji daftari. Aliweka kidole kwenye kona moja moja akazitaja kimoyomoyo. Zile zilizolingana zote zilikuwa za kushoto. Gari likipinda kushoto kwa kasi, huteleza kulia, na anayekutana na mti au bonde kwanza ni dereva. Zile zilizotofautiana zote, bila kukosa hata moja, zilikuwa za mkono wa kulia. Hapo gari huteleza kushoto. Hapo anayekwenda bondeni kwanza ni aliyekaa kiti cha kushoto.

Alirudia mara ya pili, polepole, kwa sababu alitaka apate moja ya kumkanusha. Hakuipata.

"Ni upande wangu," alisema.

Kipara alitazama karatasi, akatazama barabara ya mlimani, kisha akazikunja zile karatasi mara nne na kumpa. "Mimi hakunipunguzia hata moja," alisema, na ingawa ulikuwa mzaha, hakuna aliyeucheka.

Msomaji aliketi na karatasi zile mapajani. Alikumbuka jinsi walivyokuwa mabingwa kabla ya Nati, na jinsi baada ya Nati walivyokuwa wa tatu, wa nne, wa tatu tena. Walisema ni injini. Wakauza kiwanja walichokusudia kujenga, wakanunua injini nyingine, na bado wakawa wa nne. Vumbi aliifungua injini ile na kuifunga mara ngapi, akitafuta sekunde zilikovujia. Injini haikuwa na kosa lolote. Miaka saba mtu huyu alikuwa akimkinga kwa mguu wa kulia, na hakuna aliyejua, hata mguu wenyewe.

Mwanamke mwingine angefurahi kupendwa hivyo. Yeye pia alifurahi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaelewa sehemu iliyobaki: bila yeye garini, mguu ule haukumkinga mtu yeyote, hata mwenyewe.

&nbsp;

Walipewa siku tano za kujibu. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, walikaa gerejini milango imefungwa nusu, na Msomaji akazitandaza zile karatasi juu ya boneti ya gari la mteja. Alimwonyesha kona moja moja. Vumbi alikuwa mtu wa mashine, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Sikujua," alisema hatimaye.

"Najua hukujua."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilitaka kwanza nijue nitasema nini baada ya hapo."

Vumbi alikuna grisi kwenye ukucha. "Basi nitawaandikia sitaki. Kwa heri. Tutaendelea na yetu. Sasa tumeshajua kosa liko wapi, tutalirekebisha. Nitajilazimisha."

"Utajilazimisha kutonihurumia?"

"Sikusema hivyo."

"Ndicho ulichosema."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye tairi karibu na mlango, akichambua mchele kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alikaa kimya wakati watu wawili wanazungumza mambo yasiyomhusu. Alipoona kimya kimezidi akasema, "Mwanangu, kazi uliyoitafuta miaka kumi na mitano imekuja mlangoni. Bahati haiji mara mbili. Mke wako hafukuzwi. Atakuwepo."

"Mama, hujui tunachozungumza."

"Sijui. Najua tu kwamba una miaka thelathini na minne."

Msomaji alimtazama mumewe. Alijua akisema kaa, atakaa. Mwaka wa kwanza angekaa kwa moyo mweupe. Mwaka wa pili wangekuwa wanatazama mashindano kwenye simu, na yule kijana aliyepewa kiti kile angepita, na Vumbi angesema kwa upole kwamba kijana anaendesha vizuri. Mwaka wa tatu upole ungekwisha. Hilo aliweza kulivumilia. Wanawake wamevumilia makubwa kuliko hilo. Lililomshinda ni upande wa pili: akisema nenda, hamwambii tu aende kazini. Anamwambia akaendeshe namna ile, na mlio ule usiokatika, kila wiki, kwa mshahara.

"Siku ile," aliuliza, "ulipokuwa na Kipara, uliogopa mahali popote?"

Vumbi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake haukumsaidia. "Hapana. Ilikuwa tamu. Ilikuwa kama zamani, nilipokuwa sina mtu."

Hakukusudia kuumiza. Aliliona neno limefika ndipo akanyoosha mkono, lakini mkewe alikuwa ameshazikunja karatasi.

"Nenda, Baba Nati."

"Mama Nati…"

"Nimesema nenda."

Na hapo, kabla hajapata muda wa kuificha, furaha ilipita usoni mwa Vumbi. Haikukaa. Aliiondoa mara moja, akaweka huzuni mahali pake, na huzuni hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Lakini Msomaji alikuwa mtu aliyelipwa sifa maisha yake yote kwa kuona vitu vilivyo mbele vinapita kwa kasi, na aliiona.

"Niahidi kitu kimoja," alisema. "Za mkono wa kulia, kanyaga mapema. Hata kama aliyekaa kushoto si mimi. Fanya ni mimi."

"Naahidi."

Aliahidi kutoka moyoni. Siku ya majaribio pia alikuwa ameahidi kupunguza, na mpaka leo angeapa kwamba alipunguza.

&nbsp;

Vumbi aliondoka na mkoba mmoja na helmeti. Mshahara wa kwanza ulikuja kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, na gereji ikapata paa jipya. Gari lao la mashindano lilifunikwa turubai. Watu wa mtaani walimwambia Msomaji kwamba sasa amepumzika, na yeye alijibu ndiyo, amepumzika, akashona viti vya teksi, viti vya malori, viti vya gari la shule. Mteja mmoja alimwuliza kwa nini siku hizi anarudia mshono mara mbili. Aliendelea kushona.

Mashindano makubwa ya kwanza yalikuja mwezi wa nne. Yalikuwa ya siku mbili, na matokeo ya kila hatua yalitokea kwenye simu, jina na muda, bila picha. Gereji ilijaa majirani tangu asubuhi. Kinyozi wa jirani alifunga duka. Mwalimu wa Nati alikuja na watoto wake wawili. Fundi wa redio alileta spika, ingawa hapakuwa na cha kusikiliza, na mama mkwe aliwapikia wote uji, akajisifu kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Msomaji alikaa kwenye kiti cha teksi kisicho na teksi, simu mkononi. Alikuwa ameipata ramani ya njia na kuisoma wiki nzima. Hatua ya mwisho ilikuwa na kona arobaini na moja za mkono wa kulia. Sita kati ya hizo zilikuwa na korongo.

Hatua ya kwanza Vumbi alikuwa wa tano. Ya pili wa nne. Majirani walipiga makofi. Siku ya pili mchana akawa wa pili, nyuma ya kiongozi kwa sekunde tisa, na kinyozi akaanza kumwita "shemeji yetu wa kimataifa". Kila sekunde iliyopungua watu walishangilia, na Msomaji alijua ilikotolewa. Hakuna injini iliyokuwa imeongezwa nguvu. Hakuna barabara iliyokuwa imenyooshwa. Sekunde zile zilikuwa mahali pamoja tu, naye Vumbi alikuwa anazichota huko, kona baada ya kona, na kuzileta mbele ya watu.

Hatua ya mwisho ilianza. Simu ilikaa na mistari ile ile dakika ishirini, haibadiliki. Watu walizungumza mambo yao. Msomaji hakupepesa macho. Jina likapanda juu.

Alisikia kelele za majirani kama mtu aliye ndani ya helmeti. Mtu alimpiga mgongoni. Spika ya fundi wa redio ikapiga muziki hatimaye. Baada ya nusu saa simu iliita, na ilikuwa sauti ya Vumbi, imekauka, nyuma yake watu wakiimba.

"Umeona, Mama Nati?"

"Nimeona."

"Wa kwanza. Kwa sekunde sita. Kipara ametapika kwenye mstari wa mwisho." Akacheka, akangoja. "Sema kitu basi."

"Ulipunguza wapi?"

Watu nyuma yake waliendelea kuimba. Msomaji alimpa nafasi ya kudanganya, akamwombea adanganye.

"Leo haikuwezekana," Vumbi alisema. "Nilikuwa nimeachwa sekunde tisa. Ningepunguza nisingeshinda."

"Ndiyo."

"Mara nyingine."

"Hongera, Baba Nati. Umefanya kazi nzuri. Nenda ukale, ulale."

Alikata simu. Mama mkwe alikuwa ameshamfikia, anamtikisa bega, anataka kusikia kwa kinywa cha mkwewe na si kwa kinywa cha majirani.

"Amekuwa wa ngapi? Amesema mwenyewe?"

"Wa kwanza, mama."

Machozi yalimtoka Msomaji kwa wingi, bila sauti. Mama mkwe alimkumbatia pale kwenye kiti cha teksi, akalia pamoja naye, akimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye moyo wa kulia mwenziwe anaposhinda. Msomaji hakumsahihisha. Mashindano mengine yalikuwa baada ya wiki tatu.